Kimelea Kilichowapokonya Wavuvi wa Chaza Riziki Yao

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1957, wavuvi wa Ghuba ya Delaware, pwani ya mashariki ya Marekani, walitoka kuvua chaza kama walivyofanya baba na babu zao. Walichopandisha kiliwastaajabisha: makombe yaliyo wazi, matupu, wenyewe wamekwisha kufa. Kufikia mwaka 1959, katika sehemu ya chini ya ghuba hiyo, chaza tisa au zaidi katika kila kumi walikuwa wameangamia. Mwaka huohuo maradhi yakaonekana katika Ghuba ya Chesapeake.

Aliyeleta balaa hilo hakuwa papa wala dhoruba, bali kimelea cha chembe moja kisichoonekana kwa macho matupu. Wataalamu walipokitazama kwa hadubini hawakukitambua, wakakiita MSX, herufi ya mwisho ikiwa alama ya kitu kisichojulikana. Leo kinaitwa Haplosporidium nelsoni. Huanzia kwenye matamvua, huenea mwilini, na chaza hudhoofika hata akafa. Mwanadamu hadhuriki kwa kumla chaza huyo. Dhara humfikia kupitia riziki yake. Mashua zilikaa gatini bila kazi, majumba ya kubandua chaza yakafungwa, na familia nyingi zikakosa tegemeo. Bahari nayo ilipata hasara, kwani chaza mmoja mkubwa aweza kuchuja hadi lita 190 za maji kwa siku.

Je, kilitoka wapi? Mwaka 2000, uchunguzi wa vinasaba ulionesha kuwa asili yake ni Asia, ndani ya chaza wa Pasifiki, ambao hawaathiriki sana nacho. Kilipowafikia chaza wa Marekani, kiliwakuta hawana kinga.

Hata hivyo, subira ilizaa matunda. Harold Haskin wa Chuo Kikuu cha Rutgers na wenzake waliwachukua chaza walionusurika, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata mbegu yenye kustahimili. Lakini vita havijakwisha: Julai 2024 kimelea hichohicho kiligunduliwa katika kisiwa cha Prince Edward, Kanada, na wenye mamlaka wakazuia kuhamisha chaza bila kibali.

Ndugu msomaji, habari hii si ya ng'ambo tu. Huko Zanzibar wapo akina mama wanaosomesha watoto kwa chaza wanaowaokota maji yakupwapo. Basi tusichukue chaza hai kutoka maji haya na kuwatia katika maji mengine bila ushauri wa wataalamu, na tukiona wanakufa kwa wingi, tumwarifu afisa uvuvi mapema. Bahari ni amana tuliyokabidhiwa, na watoto wetu wana haki ya kuikuta ingali na riziki.