Dawa ya Kutuliza Kabla ya Kisu

Sogeeni, wajukuu zangu, tuzungumze habari za hospitali.

Tuseme kuna mtoto wa miaka sita hapa kwetu Kasanda, ana ngiri. Utumbo umepenya kwenye misuli ya tumbo, panavimba kila akilia au kukohoa. Vidonge haviiponyi, lazima apasuliwe, basi anapelekwa Kakonko au Kibondo. Anapouona mlango wa chumba cha upasuaji, na watu waliofunika nyuso, anang'ang'ania kitenge cha mama yake na kupiga mayowe.

Msimcheke. Mtoto anayeburutwa ndani akilia, moyo humwenda mbio na makamasi humjaa, na kumlaza usingizi huwa kazi ngumu. Wengine wakirudi nyumbani huweweseka usiku kwa siku kadhaa, au hukojoa kitandani ingawa walishaacha.

Zamani mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, akakatwa huku anaona. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, akapasuliwa amelala. Lakini etha ina harufu kali, na watoto waliikataa kwa mateke. Mwaka 1962 mkemia Calvin Stevens, naye wa Marekani, akatengeneza ketamini, dawa nyingine ya usingizi. Tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na imezisaidia sana hospitali za vijijini, maana anayepewa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Macho yanaweza kubaki wazi, jambo linalowashtua wazazi, lakini maumivu hayasikii. Akizinduka huenda akaona ndoto za ajabu na kulia, kwa hiyo alazwe mahali patulivu, mama awe karibu.

Iko pia midazolamu, dawa ya kumtuliza mtoto kabla hajaingizwa kupasuliwa. Ni chungu, hivyo huchanganywa na kitu kitamu kidogo, mtoto akanywa akiwa mapajani mwa mzazi. Baada ya nusu saa hivi analegea, pengine anacheka ovyo, wala haruhusiwi kutembea peke yake. Mara nyingi hata ule mlango hataukumbuka. Tena mnapimwa uzito kwanza, maana wa kilo 15 na wa kilo 30 hawapewi kipimo kimoja, na dawa ikizidi hupunguza pumzi. Mtaalamu wa usingizi hamwachi mtoto. Humbana kidoleni kwa kifaa kinachoonyesha oksijeni katika damu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kabla ya dawa hizi mtoto hakai na chakula tumboni. Ugali, maharage na maziwa ya ng'ombe, mwisho ni saa sita kabla. Maziwa ya mama, saa nne. Maji matupu, saa mbili. Aliyelala kwa dawa hawezi kulinda koo lake, na chakula kikipanda kinaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Bibi anayemwonea mjukuu huruma akampa kipande cha muhogo kwa siri, anamtia hatarini bila kujua.

Tena kuna wazazi wanaosema, "Twende tukanunue pipi," kumbe safari ni ya hospitali. Mimi siupendi uongo huo hata kidogo. Dawa hutuliza mwili, lakini mtoto aliyedanganywa hamwamini tena aliyemshika mkono. Aambiwe mapema: utalala, hutasikia kisu, ukiamka patauma kiasi na utapewa dawa ya maumivu.

Nanyi siku mkipelekwa, semeni ukweli wote kwa mtaalamu wa usingizi. Mwambieni mlichokula, hata kama ni kipande kimoja cha muwa. Mwambieni kama mna kikohozi au homa. Na jino likitikisika, mwonyesheni, maana linaweza kung'oka mkiwa usingizini na kuingia kooni.