Mama, Pima Valizi Kabla ya Kuijaza



Juma hili tunazungumza juu ya valizi. Wengine watacheka na kusema valizi ni valizi tu, muhimu ni tiketi. Nasi tulisema hivyo hivyo mpaka mwaka jana, mwenzetu mmoja wa kundi alipopanda ndege kwenda Kinshasa na mtoto wake wa miaka sita. Mtoto huyo ana ugonjwa wa kifafa, na daktari alikuwa ameandika apelekwe huko kwa uchunguzi. Tulichanga pesa za tiketi kwa miezi mitatu. Jirani akamwazima valizi kubwa nyeusi, ngumu, ya magurudumu manne, maana hatukutaka mwenzetu aonekane maskini mbele ya ndugu wa mume. Tukaijaza pamoja: vitenge, mchele, karanga, samaki wa kukaushwa, nguo za mtoto.

Uwanjani valizi ilipima kilo 31. Tiketi yake iliruhusu kilo 20. Watu walikuwa nyuma yake kwenye mstari wakipiga kelele. Tuliomsindikiza tukaanza kutoa vitu chini, pale pale kwenye sementi, tukavifunga ndani ya vitenge vyetu ili tuvirudishe nyumbani. Tulitoa kilo saba. Zilibaki 24, naye akalipia kilo nne kwa pesa alizoziweka kwa chakula na usafiri wa Kinshasa. Katika haraka ile, mfuko mdogo wa dawa aliokuwa ameushika mkononi ukaingizwa ndani ya valizi ili apate mkono wa kumshika mtoto. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ubaya.

Ndege ikafika Kinshasa, valizi haikufika. Aliambiwa kwamba ndege ilijaa na mizigo mingine itakuja na safari nyingine. Ilikuja siku ya nne. Usiku wa pili mtoto alianguka kifafa mara mbili. Karatasi ya daktari nayo ilikuwa ndani ya valizi, kwa hiyo ilibidi kumwamsha muuguzi wa hapa Kindu kwa simu ili aseme jina la dawa na kipimo chake. Tunamshukuru Mungu, mtoto yuko mzima na anasoma. Lakini tulijiuliza: tulichanga pesa miezi mitatu, ni nini kilituharibia safari? Jibu tulilipata kwa mizani.

Valizi tupu nayo ina kilo zake

Jumamosi moja baada ya masomo, tulikusanya valizi na mifuko ya wanakundi darasani. Tuliazima mizani ya ndoano, ile ya wauza nyama sokoni, tukapima kila kitu kikiwa kitupu. Ile valizi nyeusi ngumu ilikuwa na kilo 5 na nusu. Valizi ya kitambaa yenye magurudumu mawili ilikuwa na kilo 3 na gramu 800. Begi kubwa la kitambaa kigumu, la kubeba begani, lisilo na magurudumu, lilikuwa na kilo 1 na nusu. Na ule mfuko wa plastiki wenye mistari, ambao kila mama anao chini ya kitanda, haukufika hata nusu kilo.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Toa kilo 1 na nusu kwenye kilo 5 na nusu: zinabaki kilo nne. Mwenzetu alilipia kilo nne. Kwa maana nyingine, pesa ile haikulipia mchele wala nguo za mtoto. Ililipia magurudumu na plastiki ya valizi ya watu.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: ukienda sokoni kununua valizi, usiangalie kwanza rangi wala kung'aa. Iinue kwa mkono mmoja ikiwa tupu. Kama tayari inakuvuta bega, iache. Kisha fungua na kufunga tireti mara kumi, maana tireti ndiyo hufa kwanza. Vuta vishikio kwa nguvu, uone kama vimeshonwa kwa mishono miwili au vimebandikwa tu. Angalia pembe za chini, kwa sababu ndizo zinazoburutwa.

Magurudumu ni ya nani?

Wengi wanaamini valizi bila magurudumu ni ya zamani. Basi tusikie historia yake. Mmarekani mmoja, Bernard Sadow, alikuwa anarudi kutoka likizo mwaka 1970 akibeba valizi mbili nzito. Uwanjani akamwona mfanyakazi akisukuma mashine juu ya kibao chenye magurudumu bila kutoka jasho. Akapata wazo la kuweka magurudumu chini ya valizi, na mwaka 1972 akapewa hati ya uvumbuzi huo. Mwaka 1987 rubani mmoja, Robert Plath, akatengeneza ile ya kusimama wima yenye magurudumu mawili na mkono mrefu wa kuvuta. Wote wawili walifikiria sakafu laini za viwanja vikubwa vya ndege.

Sisi tunatembea wapi? Kutoka lango la nyumba hadi barabarani ni mchanga, au matope ikinyesha. Mama wa Alunguli anavuka Lualaba kwa mtumbwi kwanza. Kisha mzigo unawekwa juu ya pikipiki, mbele ya dereva. Magurudumu manne madogo hayana kazi katika njia hiyo yote. Yanaingia mchanga, yanavunjika, na bado unayalipia kilo. Kama mgongo wako unauma na lazima uwe na magurudumu, chagua mawili makubwa yaliyozama ndani ya valizi. Kama una nguvu, begi la kitambaa linatosha, na linakaa vizuri kichwani pia.

Wanaokwenda Kasongo, Punia au kwingine kwa ndege ndogo wana sababu nyingine ya kuchagua begi laini. Katika ndege ndogo hata abiria hupimwa kilo, na nafasi ya mizigo ni finyu. Begi laini hukunjwa na kusukumwa mahali ambapo valizi ngumu haiwezi kuingia.

Mfuko usiotoka mwilini

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa kuliko valizi yenyewe. Kila mama anayesafiri awe na mfuko mdogo wa kuvaa kifuani au kiunoni, wenye mkanda wa kupitisha begani. Mama mwenye mtoto anahitaji mikono miwili, kwa hiyo mfuko wa kushika mkononi haumfai. Mwenzetu hakukosea kwa uzembe. Alikosa mkono wa tatu.

Ndani ya mfuko huo weka kadi ya uchaguzi au pasipoti, tiketi, karatasi za daktari, pesa, simu, na dawa za siku saba hata kama safari ni ya saa mbili. Dawa zibaki ndani ya pakiti yake yenye jina. Weka nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Anayetoka nje ya nchi aongeze kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo huhesabiwa kuwa ya maisha yote, kwa hiyo usikubali kudanganywa kwamba kadi yako imepitwa na miaka kumi. Usisahau pesa za Go-Pass. Uliza kama zimo ndani ya tiketi, maana mama asiyeziweka kando hujikuta anahesabu franga mbele ya dirisha huku mtoto analia.

Katika begi dogo la ndani ya ndege weka nguo moja ya mtoto ya kubadili, chakula chake, na kitenge. Kumbuka kwamba ndege inapopaa na kutua hutakubaliwa kumfunga mtoto mgongoni. Atakaa mapajani na mkanda wake. Mnyonyeshe wakati huo, kwa sababu kumeza kunafungua masikio yasiume. Mkubwa kidogo mpe maji anywe polepole.

Mawese, betri na visu

Hakuna mama wa Maniema anayekwenda kwa ndugu mikono mitupu. Lakini mawese yameharibu vitenge vingi. Kampuni nyingi hukataa bidoni la mafuta, kwa hiyo uliza siku unayonunua tiketi, usingoje siku ya kusafiri. Wakikubali, jua sababu ya chupa kuvuja. Kindu iko karibu mita 500 juu ya bahari, lakini hewa ndani ya ndege ikiwa juu ni nyepesi kama ya mlima wa mita 2,000 hivi. Hewa iliyobaki ndani ya chupa inatanuka na kusukuma mafuta nje. Kwa hiyo, kabla ya kufunga kifuniko, bonyeza chupa ya plastiki kidogo ili hewa ipate mahali pa kutanukia. Funga kwa gundi ya utepe, vika mifuko miwili, kisha izungushie nguo kuukuu.

Kwa safari za nje, katika viwanja vingi vitu vya majimaji unavyobeba mkononi havipiti mililita 100 kila chupa, na vyote vinaingia katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, wa lita moja. Sheria hiyo ipo tangu 2006. Maziwa ya mtoto na dawa za maji huruhusiwa zaidi ya hapo, ila uvitoe na kuvionyesha.

Betri ya kuchajia simu, ile tunayoiita pawabanki, isiwekwe kamwe ndani ya valizi kubwa. Betri za aina hiyo zinaweza kushika moto zikigongwa, na chini mizigoni hakuna wa kuzima haraka. Ibebe mkononi. Zilizoandikwa mAh 10,000 au 20,000 kwa kawaida hupita. Zinazozidi 27,000 hivi huhitaji ruhusa ya kampuni. Vivyo hivyo taa ya jua yenye betri inayotoka: toa betri, uibebe mkononi. Kisu na mkasi wa kushonea huenda chini katika mzigo mkubwa. Petroli na mafuta ya taa hubaki nyumbani.

Mzigo usipofika

Andika jina na namba ya simu nje ya begi, na karatasi nyingine uiweke ndani, juu ya nguo, kwa sababu ya nje hukatika. Funga kipande cha kitenge chako kwenye kishikio. Valizi nyeusi ziko mia, lakini kitenge chako unakijua. Piga picha ya begi likiwa wazi na likiwa limefungwa. Tia kufuli ndogo. Kile kikaratasi unachopewa baada ya mzigo kupimwa, kibandike kwenye tiketi au kiweke kifuani.

Mzigo usipotokea, usitoke uwanjani. Nenda dirishani, eleza, na udai karatasi yenye namba ya malalamiko. Maneno ya mdomo hayana shahidi. Kwa safari za kati ya nchi zilizokubali mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ulioharibika unalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Siku hizo zikipita umepoteza haki yako, hata kama ukweli uko upande wako.

Tulichoamua

Baada ya Jumamosi ile, kundi lilitoa pesa kidogo kwenye kasha tukanunua mabegi matatu ya kitambaa kigumu, mifuko miwili ya kuvaa kifuani, na mizani ya ndoano. Ni vya kila mwanakundi. Anayesafiri anaviazima, anajaza nyumbani, anapima nyumbani, na anaporudi anavifua na kuvirudisha ndani ya juma moja. Tukipima nyumbani tunabaki kilo mbili chini ya kiasi cha tiketi, kwa sababu mizani ya soko na ya uwanja hazikubaliani siku zote.

Yule mwenzetu alisafiri tena mwaka huu kumrudisha mtoto kwa daktari. Begi lake lilikuwa na kilo 18, mchele ukiwemo. Dawa zilikuwa kifuani mwake, chini ya blauzi. Tulipomwuliza kwa nini hakuziacha katika mfuko wa nje, alijibu: "Mtoto namfunga mgongoni, dawa yake naifunga mbele. Mizigo mingine ichelewe ikitaka."