Nisba ya Shirazi: Upande Usioandikwa

Hapa Al Quoz watoto wetu huwasikia akina Bastaki, ambao nisba yao yatokana na mji wa Bastak, Uajemi. Kwetu Unguja ipo nisba kama hiyo: Shirazi, ya mji wa Shiraz. Msikiti wa Kizimkazi, ambao wazee huunasibisha na Washirazi, una maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107). Mwaka 2023 wataalamu waliochunguza mifupa ya makaburi ya kale ya Manda na Mtwapa walikuta asili ya Kiajemi kuumeni. Kukeni, takriban wote walikuwa Waafrika. Basi tunapowafunza watoto nisba, tuwatajie na bibi zao, ambao jina halikuwahifadhi. Nasaba ni pande mbili.