Mara: Lango la Serengeti linalopitwa na wageni

Na Mwandishi Wetu, Musoma

UKIMTAJIA mgeni jina la Serengeti, mawazo yake hukimbilia Arusha. Huko ndiko ndege zinakotua, ndiko magari ya watalii yanakoanzia safari, na ndiko sehemu kubwa ya fedha inakobaki. Ni wachache wanaofahamu kwamba eneo kubwa la hifadhi hiyo yenye kilomita za mraba 14,763 limo katika Mkoa wa Mara, na kwamba abiria wa basi la Mwanza kwenda Musoma anaweza kuwaona pundamilia kupitia dirishani bila kulipa kiingilio.

Jambo hilo hutokea karibu na Ndabaka, lango la magharibi la hifadhi, lililo kando kabisa ya barabara ya lami iendayo Bunda. Kwa mkazi wa Mwanza au Musoma mwenye siku mbili za mapumziko, hakuna njia iliyo rahisi zaidi ya kuingia Serengeti, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya Taifa mwaka 1951 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Ukanda huu wa magharibi una sura yake. Mto Grumeti hupita katikati ya misitu myembamba yenye mbega weusi kwa weupe, na katika mabwawa yake hujilaza mamba wakubwa wanaowasubiri nyumbu. Makundi ya nyumbu hufika hapa kati ya Mei na Julai, yakielekea kaskazini, ingawa hakuna mwaka unaofanana na mwingine kwa kuwa wanyama hao hufuata mvua, si kalenda.

Hapa ni vyema kumtahadharisha msomaji. Udongo wa mbuga za Ndabaka ni mweusi na wenye kunata. Mvua ikinyesha, gari dogo halifiki mbali, na hata lile la magurudumu manne huweza kulala njiani.

Ukitoka Bunda kwenda kaskazini, mandhari hubadilika. Mawe makubwa ya matale yamepandana juu ya vilima kana kwamba yamepangwa kwa mikono. Miaka mingi ya jua, mvua na upepo imeondoa udongo uliokuwa ukiyafunika, yakabaki wazi. Katika nyufa zake huishi pimbi na mijusi ya rangi nyekundu na buluu.

Ni katikati ya vilima vya aina hiyo kilipo kijiji cha Butiama. Hapo, Aprili 13, 1922, alizaliwa Julius Kambarage Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya wa Nyang'ombe. Mwaka 1934 mtoto huyo alipelekwa kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma, takriban kilomita 40 kutoka nyumbani. Leo umbali huo ni safari fupi ya gari. Mgeni akiukumbuka anapoiona Mwisenge ataelewa uzito wake kwa mtoto wa wakati ule.

Mwalimu alifariki dunia London, Oktoba 14, 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama, siku tisa baadaye. Kaburi lake liko ndani ya eneo la familia, karibu na ya wazazi wake. Si mahali pa kelele wala pa kupiga picha ovyo. Mgeni hujitambulisha kwanza, ndipo akaongozwa. Jirani ipo makumbusho iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1999, yenye picha, vitu alivyovitumia na zawadi alizopewa akiwa madarakani. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kinachogusa zaidi si zawadi hizo, bali utulivu wa kijiji ambacho mtu aliyeongoza nchi kwa zaidi ya miaka 20 alichagua kurudi kulima.

Hata hivyo, uzuri wa Mara una gharama, na wanaoilipa si watalii. Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi na mapori ya akiba, vikiwamo Hunyari na Kihumbu, tembo huingia mashambani usiku na kumaliza kazi ya msimu mzima. Wanakijiji hukesha wakipiga madebe na kuwasha moto. Mkulima wa namna hiyo akisikia tembo ni hazina ya Taifa, ana haki ya kuuliza hazina hiyo inamfikia kwa njia gani.

Mfano mwingine ni kata ya Nyatwali, kando ya Ghuba ya Speke. Serikali iliamua kuwahamisha wakazi wake ili eneo hilo liunganishwe na Serengeti na wanyama wapate njia ya kufika Ziwa Victoria wakati wa kiangazi. Kiikolojia hoja hiyo ina mashiko, kwani mito ya hifadhi hupungua maji miaka ya ukame. Lakini malalamiko kuhusu kiwango cha fidia na kuchelewa kwake yalisikika hadi bungeni, na kwa familia zilizozoea kuvua na kulima pwani ya ziwa, kuhama ni kuanza maisha upya.

Ndiyo maana njia anayoichagua mgeni ina maana. Anayeingia Serengeti kwa ndege na kutoka kwa ndege hamwachii mtu wa Bunda chochote mkononi. Anayelala Musoma, akala sato aliyevuliwa usiku huo na kununuliwa mwaloni Mwigobero, akapanda gari la mwenyeji kwenda Butiama, fedha yake hupita katika mikono mingi.

Safari yenyewe haina ugumu. Mabasi ya Mwanza hupita Bunda kila siku. Wa kwenda Butiama hushuka Makutano, akafuata barabara ya lami kuelekea mashariki. Mwenye siku ya ziada aende hadi daraja la Kirumi, ambako Mto Mara, uliotoka milima ya Mau nchini Kenya na kupita katikati ya nyumbu, hupotea polepole ndani ya mafunjo kabla ya kuingia ziwani. Afike asubuhi, kabla jua halijawa kali, ndipo ndege wa majini huonekana kwa wingi.