Kabla ya kununua nyumba Kisumu

Mfanyabiashara wa Kiseke anayepeleka dagaa au mchele Kisumu huchoka kulipia gesti, akawaza nyumba yake huko, ya kufikia na kupumzikia na familia wakati wa likizo. Si wazo baya. Lakini ajue kwanza ananunua nini.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 65, humruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. (Nasi tusilalamike, Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 humbana mgeni zaidi.) Hata muuzaji akikuonyesha hati isiyo na ukomo, kwako itahesabiwa miaka 99. Kama ni hati ya kukodi iliyobakiza miaka 30, umenunua 30, basi bei nayo ishuke.

Ardhi ya kilimo usiiguse: bila idhini ya bodi ya ardhi mauzo ni batili, na bodi hairuhusiwi kumkubalia mgeni. Kutumia jina la shemeji Mkenya? Nyumba ni ya shemeji.

Ongeza ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mijini, unaolipwa na mnunuzi. Kwa anayelala Kisumu siku kumi kwa mwaka, mimi naona gesti bado ni nafuu.