Joto la Kabatini Lisiwe Kosa la Mwenye Zamu



Sisi tulio katika viwanda vya chai tumeliona jambo hili mara nyingi. Majani yamejaa, mafeni ya kunyausha yanavuma, kisha ghafla mota inasimama. Kwenye kabati la umeme taa nyekundu inawaka. Mashine ikipoa inawashwa, na baada ya muda inasimama tena. Majani yanaharibika, na lawama ya kwanza humwangukia mwenye zamu.

Yafaa tuelewe kinachotokea. Chombo kinachoongoza mwendo wa mota kina transista kubwa zinazokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Katika kazi hiyo, kama asilimia 3 ya nguvu hugeuka joto. Kwa mota ya kilowati 30 hizo ni kama wati 900, sawa na pasi ya umeme iliyofungiwa kabatini zamu nzima. Transista nyingi za namna hii hazitakiwi kupita nyuzi 150 katika kiini chake. Kwa hiyo hufungwa juu ya bamba la alumini lenye mapezi, zikapakwa grisi ya kupitisha joto, na feni ikapuliza hewa. Joto likizidi, kinga huzima mashine.

Adui wa kwanza ni vumbi la chai. Huziba vichujio na kuganda kati ya mapezi. Adui wa pili ni mwinuko. Fort Portal, penye chai nyingi huko Uganda, pako kama mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi na hubeba joto kidogo. Kwa kawaida mzigo hupunguzwa kwa asilimia 1 kwa kila mita 100 kupita mita 1,000. Mwenye kununua chombo bila hesabu hiyo amekilemea tangu siku ya kwanza.

Wengine huacha mlango wa kabati wazi, au huruka kinga kwa kipande cha waya. Ndugu, tusikubali! Mlango wazi huingiza vumbi na kuuacha umeme karibu na mikono yetu. Kinga ikirukwa, moto waweza kuzuka. Tena, hata umeme ukizimwa, kapasita huweza kubaki na volti za hatari kwa dakika kadhaa. Fundi asubiri muda ulioandikwa kwenye chombo, kisha apime kabla ya kugusa.

Basi tudai mambo manne: saa ya kusafisha iwemo katika ratiba na ilipwe, vichujio na feni za akiba ziwe stoo, kabati lifunguliwe na fundi aliyefunzwa tu, na kila mashine iwe na daftari. Mota ikisimama, tuandike saa, mzigo na hali ya vichujio. Siku mwenzetu atakapoitwa ofisini kujieleza, asiende mikono mitupu. Aende na daftari, na mjumbe wa chama akiwa kando yake.