Sinema za Vibonzo na Kufundisha Lugha kwa Watoto Wadogo

Mtoto akuaye Ukonga, katika Wilaya ya Ilala, husikia Kiswahili nyumbani, dukani, ndani ya daladala na uwanjani achezapo na wenzake. Kiingereza kwake ni lugha ya mabango na ya daftari. Shule za msingi za Serikali zimefundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini mtoto huyo huyo aingiapo kidato cha kwanza hukuta hisabati, fizikia na jiografia zikifundishwa kwa Kiingereza. Basi lugha ambayo hakupata kuisikia ikizungumzwa ndiyo inayoamua kama ataelewa masomo yake au atayakariri tu. Kwa sababu hiyo wako wazazi na walimu waliogeukia sinema za vibonzo. Hapana budi kuuliza: je, vibonzo hufundisha lugha kweli, na kwa masharti gani?

Kibonzo hutendaje kazi?

Sinema ya vibonzo ni mfululizo wa michoro iliyotulia. Kwa kawaida picha 24 hupita mbele ya macho kwa sekunde moja, na ubongo huziunganisha ukaona mwendo mmoja. Mara nyingi mchoraji huchora michoro 12 tu, kila mmoja ukaonyeshwa mara mbili.

Faida yake kwa mwalimu wa lugha haimo katika mwendo peke yake, bali katika uchaguzi. Picha ya kawaida ya ng'ombe malishoni ina majani, vumbi, mchungaji na miti. Mtoto asikiapo neno geni hajui ni kipi kinachotajwa. Mchoraji huyafuta yote yasiyohitajika, akamwacha ng'ombe peke yake, na akampa mwendo wakati ule ule neno linapotamkwa.

Hata hivyo neno moja na picha moja havitoshi. Tuseme chura anaruka, na sauti inasema “jump”. Mtoto aweza kudhani neno hilo ni jina la chura. Akija sungura akaruka, kisha mtoto akaruka kamba, na neno likabaki lile lile, dhana ile ya kwanza huanguka yenyewe: wanaoruka wamebadilika, kilichobaki ni kuruka. Kibonzo kizuri cha kufundishia hutungwa kwa mpango wa namna hii.

Ushahidi wa utafiti

Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio yao kwa watoto wachanga wa miezi 9. Kundi moja lilichezeshwa na kusomewa na watu waliozungumza Kichina katika vikao 12. Kundi jingine lilionyeshwa watu hao hao katika televisheni. Kundi la kwanza lilijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Kundi la televisheni halikujifunza lolote. Kwa mtoto mchanga, basi, sauti ya kioo si badala ya mtu.

Kwa watoto waliokwisha kujua kuzungumza hali ni tofauti. Mwaka 2013 Serikali ya Bangladesh ilipiga marufuku kibonzo cha Kijapani kiitwacho Doraemon, kilichokuwa kikionyeshwa kwa Kihindi, kwa kuwa watoto waliozaliwa katika Kibengali walikuwa wameanza kuzungumza Kihindi bila ya mwalimu. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Kihindi na Kibengali ni lugha za ukoo mmoja, kama Kiswahili na Kizaramo. Kiingereza na Kiswahili havina udugu huo. Mtoto wa Ukonga ana safari ndefu zaidi.

Mfano ulio karibu nasi ni wa hapa Dar es Salaam. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa mwaka 2013, hutengeneza vipindi vya vibonzo kwa watoto wa Afrika. Kimojawapo, Akili and Me, kinamhusu msichana mdogo aishiye karibu na Mlima Kilimanjaro, ambaye alalapo huingia katika nchi ya ndoto na kujifunza pamoja na wanyama. Utafiti wa Dina Borzekowski uliochapishwa mwaka 2018 uliwahusu watoto zaidi ya 500 wa Morogoro. Waliotazama kipindi hicho walipata alama bora kuliko waliotazama vipindi vingine katika kuchora, kutambua maumbo na tarakimu, kuhesabu, na Kiingereza.

Somo la kibanda cha video

Katika vibanda vya video vya mitaani, wafasiri kama marehemu Lufufu walijipatia sifa kwa kusimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili. Kazi yao ni sanaa halisi. Lakini mtazamaji aliyesimuliwa kila kitu haihitaji tena lugha ya asili, na masikio yake huipuuza. Ndivyo ilivyo darasani: mwalimu anayetafsiri kila sentensi huua somo. Afadhali aache picha ieleze, na Kiswahili kitumike pale tu picha inaposhindwa.

Jinsi ya kutumia

Kwanza, kipande kiwe kifupi, dakika tano hadi kumi. Pili, kirudiwe. Utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba watoto wa miaka mitatu hadi mitano walioonyeshwa kipindi kile kile siku tano mfululizo walizidi kukielewa, na hawakukichoka kama mtu mzima angechoka. Tatu, mwalimu au mzazi asimamishe picha na kuuliza, ili mtoto atamke. Anayesikia tu huelewa, lakini hazungumzi. Nne, kioo kikizimwa maneno yaendelee katika mchezo: watoto waruke, wabebe, wafungue mlango.

Darasa lenye watoto wengi na simu moja haliwezi kuona wote kwa pamoja. Wagawanywe makundi, na wanaosubiri wachore walichokiona jana. Umeme ukikatika, michoro hiyo hiyo ikishikwa mkononi na kusogezwa yatosha kuendeleza somo.

Kibonzo, kwa hiyo, humpa mtoto wa Ukonga kile ambacho mtaa wake haumpi: sauti ya lugha nyingine ikiwa pamoja na maana yake. Kisichoweza kumpa ni mtu wa kumjibu. Huyo hana budi kuwa mzazi, mwalimu, au ndugu mkubwa aliyeketi kando yake.